Hina ya Nywele na Utata wa Jina Lake

Makala haya yanahusu hina ya kupaka nywele, si ile ya kupamba mikono ya bibi arusi, ingawa hizo mbili haziwezi kutenganishwa kabisa. Swali letu lilizuka Mbau, kaskazini ya mji wa Beni. Shangazi yetu alipakwa kichwani unga ulioitwa hina nyeusi ili kufunika mvi. Kesho yake paji la uso lilikuwa limevimba hata macho yakafumba. Kwenye kituo cha afya aliulizwa amepaka nini, akajibu: hina. Muuguzi akasema hina haimdhuru mtu, akatafuta sababu nyingine. Hakuna aliyesema uongo. Kasoro ilikuwa katika neno.

Neno hina limetoka katika Kiarabu. Hutaja kichaka ambacho wataalamu wa mimea hukiita Lawsonia inermis, kinachopenda joto na ukavu, kisichopatana na mvua za msitu wa Beni. Kwetu basi hina hufika ikiwa imekwisha kusagwa na kutiwa katika paketi, na mnunuzi hana budi kuyaamini maandishi.

Majani yake yana kitu cha rangi kiitwacho losoni, kiasi cha asilimia moja hivi. Unga ukikorogwa kwa maji yenye ndimu na kuachwa saa kadhaa, losoni hutoka katika jani; ukipakwa, hushikana na keratini, yaani protini iliyojenga unywele. Ndiyo maana rangi haitoki kwa kuoshwa, wala haihitaji amonia, na unywele huonekana mnene na wenye kung'aa. Mzio utokanao na hina halisi ni nadra. Tena hina haiondoi rangi ya asili: nywele nyeusi hupata wekundu unaoonekana juani tu, ilhali mvi hugeuka rangi ya chungwa lililoiva. Asiyeipenda rangi hiyo na afikiri mapema, maana dawa yake ni kungoja nywele zikue.

Kwa upande wa madhara, hina hukausha, na nywele za kipilipili, ambazo kwa asili ni kavu, hudai mafuta baada yake. Hilo ni dogo. Zito zaidi ni hali ya watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wachache katika nchi za malaria: losoni ikipenya ngozini yaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao. Watoto wachanga wasipakwe kamwe.

Sasa turudi kwenye weusi. Hina peke yake haiwezi kuutoa. Hupatikana ama kwa kupaka nili baada ya hina, kazi ya saa nyingi, ama kwa kutia parafenilinidiamini, kemikali ya viwandani. Umoja wa Ulaya huiruhusu katika rangi za nywele isizidi asilimia 2 wakati wa kupakwa, na huikataza katika vipodozi vya ngozi. Mwaka 1992 waganga wa Khartoum walieleza habari za watoto 31 waliodhurika kwa mchanganyiko wa hina na kemikali hii: nyuso na koo zilivimba, wengine wakaharibika figo, na 13 walikufa.

Hapa ndipo msamiati unapoingia. Mwambao weusi huo una jina lake, piko, na Watanzania wengi huiita rangi nyeusi ya nywele kanta. Msemaji wa huko hutofautisha vitu viwili kabla hata ya kufungua paketi. Sisi tumepokea jina hina na kuliongezea kivumishi tu, kana kwamba nyeusi ni aina ya hina kama vile mweupe ulivyo aina ya mchele. Kwa maoni yetu, piko au kanta yafaa iingie katika Kiswahili cha sokoni kwetu.

Mpaka hapo, mnunuzi atazame kazi ya unga wenyewe. Hina halisi hunuka majani makavu, nayo huacha alama ya chungwa kwenye kidole. Unga unaotia weusi kwa muda mfupi si hina tupu. Aliyewahi kuwashwa au kuvimba kwa piko asiipake tena, hata kidogo. Na anayefika kwa mganga akiwa amevimba uso asiseme hina tu: ataje rangi iliyotoka, na aende na paketi mkononi.