Mwanao Anasahau Masomo? Huenda ni Hofu, si Uvivu

Jioni mtoto anakusomea hesabu za kuzidisha bila kukosea. Asubuhi anasimamishwa mbele ya wenzake darasani, na yote yanamtoka. Anachapwa kwa kusahau. Akirudi nyumbani na daftari lililojaa makosa, anachapwa tena. Kesho yake anasahau zaidi.

Mtoto wa namna hii huitwa mvivu, mzito au mkaidi. Lakini kabla hujampa mwanao jina hilo, mama mpendwa, yafaa ujue hofu ya kila siku inafanya nini kichwani mwake.

KENGELE YA HATARI

Mwenyezi Mungu ametuumba na kengele ya hatari. Mtoto wa Kiwengwa akikutana na nyoka njiani, ubongo hutoa ishara, na tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga homoni katika damu. Moyo hupiga mbio, misuli hukaza, mtoto hukimbia. Mojawapo ya homoni hizo huitwa kotisoli. Hatari ikipita, kotisoli hupungua na mwili hutulia. Mkazo wa namna hiyo haudhuru. Hata wasiwasi kidogo kabla ya mtihani humchangamsha mtoto.

Taabu huanza pale kengele isiponyamaza: bakora leo, matusi kesho, ugomvi wa baba na mama kila usiku.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Jina hilo latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya farasi wa baharini, kwa kuwa sehemu hiyo imejikunja kama kiumbe huyo. Hapo ndipo mambo mapya hupokelewa na kutayarishwa yawe kumbukumbu. Mwaka 1968 mtaalamu Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na wenzake walionyesha kwa panya kwamba sehemu hiyo hupokea kwa wingi homoni za mkazo. Uchunguzi uliofuata wa wanyama ulionyesha kuwa mkazo ukirudiwa kwa siku nyingi, matawi ambayo seli zake hutumia kupashana habari hunywea.

Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayotuwezesha kushika namba akilini huku tukikokotoa, nayo hudhoofika. Lakini sehemu ya hofu, yenye umbo la lozi, huzidi kuwa nyepesi kushtuka. Ndiyo maana mtoto hukumbuka vizuri sana bakora, ila saba mara nane hakumbuki.

WATOTO WETU WENYEWE

Mambo haya hayako mbali nasi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Bara na Zanzibar mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walipatwa na ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Tobias Hecker walichapisha habari za watoto 409 wa skuli ya msingi nchini Tanzania. Watoto walioadhibiwa kwa ukali zaidi ndio waliokuwa na huzuni na wasiwasi zaidi. Na wenye huzuni na wasiwasi zaidi walielekea kuwa na uwezo mdogo wa kushika mambo akilini na alama za chini. Uchunguzi kama huo peke yake hauthibitishi kwamba bakora ndiyo chanzo. Lakini ukiuweka pamoja na yanayojulikana kuhusu ubongo, mama mwenye busara atafikiri mara mbili.

Wengine watasema, Mithali inataja fimbo. Ni kweli. Lakini Paulo naye, akiwaandikia Wakolosai (3:21), anawaonya wazazi wasiwachokoze watoto hadi wakate tamaa. Malezi ni kumwongoza mtoto, na mtoto aliyejaa hofu haongozeki.

UBONGO HUPONA

Habari njema ni kwamba ubongo hupona. Mwaka 2009 Conor Liston, McEwen na wenzao huko Marekani waliwapima wanafunzi wa udaktari waliokuwa na mkazo wa mwezi mzima wa kujiandaa kwa mtihani. Uwezo wao wa kuhamisha fikira kutoka jambo moja hadi jingine ulikuwa umepungua. Baada ya mwezi wa mapumziko, walikuwa sawa na wenzao. Wao walikuwa watu wazima, lakini nasi tuna sababu ya kutumaini.

LA KUFANYA NYUMBANI

1. Usimchape wala kumtisha mtoto kwa kusahau. Mwulize amekwama wapi, muanzie hapo.

2. Mfundishe kidogo kidogo. Robo saa kila jioni ni bora kuliko saa tatu za vilio usiku wa kuamkia mtihani.

3. Alale mapema. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na usingizini ndipo ubongo huhifadhi aliyojifunza. Zima televisheni na simu.

4. Wewe na mumeo mkitofautiana, msizozane mbele ya watoto. Mtoto aliyejifunika shuka husikia yote.

5. Mwendee mwalimu kwa heshima. Mwambie, “Mwalimu, nyumbani anajua, akisimama mbele anasahau. Tumsaidieje?” Mwalimu naye ana darasa kubwa na mizigo yake.

6. Mpeleke kituo cha afya apimwe macho, masikio, minyoo na upungufu wa damu. Hayo pia huzuia masomo.

7. Jitazame nawe. Mwani umeharibika, au msimu wa hoteli umekwisha na fedha hakuna: mama mwenye mzigo huo husahau hata kama ametia chumvi chunguni. Tafuta dada au jirani wa kuzungumza naye, pumzika, omba. Mama akitulia, kengele ya mtoto nayo hupata nafasi ya kunyamaza.

Usitazamie mabadiliko ya siku moja. Anza na jambo moja wiki hii, ongeza jingine wiki ijayo.