Kurejeleza Zege la Majengo Yaliyobomolewa

Mwaka 2017, nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, eneo la Kimara jijini Dar es Salaam, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Nyumba ya zege ikibomolewa, nondo hupata mnunuzi upesi, kifusi hubaki. Je, kifusi hicho ni taka au ni mali? Fuatilia maelezo haya kwa makini, maana hapa ndipo watahiniwa hupoteza alama.

Zege na madhara yake
Katika mchanganyiko wa 1:2:4, fundi hutumia ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, kisha huongeza maji. Kokoto na mchanga huchimbwa, na machimbo huacha mashimo na kuharibu mito. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi katika tanuri lenye joto la takribani nyuzi 1450 za Selsiasi. Mawe ya chokaa yakiungua hutoa kaboni dioksidi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Zaidi ya nusu ya kaboni dioksidi ya kutengeneza saruji hutokana na badiliko hili; sehemu kubwa ya iliyobaki hutokana na nishati ya kuchomea.

Hatua za kurejeleza
1. Kutenga mbao, plastiki na vioo.
2. Kuvunja mabonge kwa mashine.
3. Kuondoa vyuma kwa sumaku.
4. Kuchekecha ili kupata kokoto za ukubwa unaotakiwa.

Kokoto hizi hufaa sana kwa tabaka la chini la barabara na kujazia misingi. Zikitumika katika zege jipya, kumbuka kwamba zimegandiwa na saruji ya zamani, hivyo hunywa maji mengi kuliko kokoto za mwamba. Fundi asipopima vizuri, zege hupungua nguvu.

Usikosee hapa
Usiandike kwamba kurejeleza zege hurudisha saruji. Tazama tena uwiano: tumeokoa zile ndoo nne za kokoto, lakini ile moja ya saruji, yenye kaboni nyingi, bado itanunuliwa mpya. Faida kubwa ni kupunguza machimbo, madampo na safari za malori. Kifusi kikisafirishwa mbali mno, hata faida hiyo hupungua.

Ipo faida nyingine ndogo. Unakumbuka maji ya chokaa yanavyogeuka meupe ukipuliza pumzi ndani yake? Zege lililosagwa nalo hufyonza polepole kaboni dioksidi kutoka hewani, kwa kuwa sehemu zake nyingi zaidi hugusana na hewa.

Jipime
Halmashauri inataka kubomoa soko la zamani na kujenga jipya papo hapo. Toa hoja tatu za kuishauri irejeleze zege, na hoja moja ya tahadhari.