Nyumba Palma, mwenyewe Pemba: mipaka ya wakala

Palma, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, iliingia katika biashara ya kupangisha ghafla. Gesi iligunduliwa baharini, katika bonde la Rovuma, mwaka 2010, na maandalizi ya kiwanda yalipoanza rasi ya Afungi, vyumba vya kulaza ndugu vikawa vya makandarasi. Machi 24, 2021 mji ukavamiwa na waasi. Watu wakakimbilia mji wa Pemba (si kisiwa), Nampula na mpakani mwa Tanzania. Mwezi uliofuata TotalEnergies, kampuni inayoongoza mradi huo wa gesi, ikatangaza kuwa umekwama kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, tangazo ambalo liliondolewa Novemba 2025.

Sasa wanaotafuta vyumba wanarudi, ilhali mwenye nyumba huenda bado yuko Pemba na watoto wake wanasoma huko. Ufunguo humwachia shemeji, jirani au dalali. Huyo ndiye anayechagua mpangaji, anayepokea pango na anayemwita fundi bati likivuja. Mara nyingi makubaliano yao ni ya mdomo: “Niangalizie nyumba.”

Neno hilo halitoshi. Kanuni ya Kiraia ya mwaka 1966, ambayo Msumbiji iliirithi kwa Wareno, inamtaka wakala atoe taarifa anapoulizwa, atoe hesabu na akabidhi alichopokea. Uwakala wa jumla unampa mamlaka ya shughuli za kawaida za kutunza mali tu. Kupangisha kumo ndani yake, lakini mkataba wa zaidi ya miaka 6 haumo. Huo unahitaji ruhusa ya wazi. Kuuza pia hakumo, na ardhi yenyewe haiuziki kabisa: Katiba na Sheria ya Ardhi ya 1997 zinaiweka mikononi mwa dola. Wewe una haki ya kuitumia, ile inayoitwa DUAT, na jengo lililo juu yake.

Fiqhi nayo, ambayo wengi wa pwani hii wanaifahamu zaidi, haiko mbali. Mali iliyo mkononi mwa wakala ni amana. Ikipotea halipi, ila akiwa amezembea au amevuka mipaka aliyowekewa. Hapo ndipo wenye nyumba wanapoumia. Mpaka usiotajwa hauwezi kuthibitishwa kuwa umevukwa. Ukimwambia tu “niangalizie”, kisha akampangisha mtu kwa nusu ya bei au akaezua paa bila kukuuliza, utamshitaki kwa lipi?

Kwa hiyo andikeni mambo matatu. La kwanza ni mamlaka: pango la chini kabisa, muda wa juu wa mkataba, na kiasi cha matengenezo anachoweza kutumia bila kukupigia simu. Waraka wenyewe ni procuração, yaani hati ya uwakala, na ni vizuri uthibitishwe kwa mthibitishaji wa hati, hasa kama mpangaji ni kampuni, kwa kuwa kampuni itataka kujua ni nani anayeweka sahihi.

La pili ni ujira. Dalali anayelipwa mara moja tu anapoleta mpangaji hufaidika kila mpangaji anapohama. Wakala anayelipwa asilimia ya pango lililokusanywa hufaidika mpangaji akikaa na kulipa. Ukitaka nyumba itunzwe, chagua njia ya pili, lakini usimwachie yeye peke yake uamuzi wa nani aingie, maana nyumba tupu haimpi chochote na atashawishika kumpokea yeyote.

La tatu ni hesabu. Tuseme pango ni metikali 20,000, ujira ni asilimia 10, na fundi wa bati amechukua 3,500. Wakala asitume 14,500 na kunyamaza. Hesabu ionyeshe 20,000 zilizoingia, 2,000 zake, 3,500 za fundi pamoja na risiti na picha ya bati, kisha salio. Bora zaidi, mpangaji alipe moja kwa moja kwenye M-Pesa au e-Mola yako, nawe umtumie wakala chake. Hapo simu yako ndiyo daftari.

Palma inalazimisha pia kifungu ambacho mjini kwingine kingeonekana cha uchuro: mji ukihamwa itakuwaje? Kanuni ya Kiraia inaweza kupunguza pango kwa kadiri mpangaji alivyokosa kuitumia nyumba kwa sababu isiyotoka kwake wala kwa jamaa zake. Usihesabu, basi, mapato ya miezi ya ukimbizi. Taja mapema ufunguo unabaki kwa nani, vyombo vya mpangaji vinahifadhiwa wapi, na amana ya kuanzia inarudishwa vipi.

Mwisho ni kifo, jambo ambalo vita vimelifanya lisiweze kuahirishwa. Uwakala wa kawaida huisha mmoja wenu akifa. Wakala akishajua kuwa umefariki, hana tena mamlaka ya kumpa mtu mkataba mpya kwa jina lako, na pango linaloingia ni la warithi. Lakini warithi wasiojua nyumba ina wakala hawawezi kumdai hesabu. Nakala moja ya makubaliano ikae kwa mkeo, mumeo au mtoto mkubwa, ikiwa na namba ya simu ya wakala na ya mpangaji.