Kinyama cha Fizi: Kukikata Peke Yake Hakutoshi

Vinyama vingi vinavyoota kwenye fizi si saratani. Fizi imekerwa kwa muda mrefu, ikajibu kwa kuvimba: pengine ni ugaga ulioganda shingoni mwa jino, kipande cha mzizi kilichosahaulika baada ya kung'oa, au meno ya bandia yasiyokaa vizuri. Madaktari wa kinywa huviita epulisi.

Wajawazito ndio wanaokijua zaidi kile chekundu, laini, kinachotoka damu kikiguswa tu na mswaki. Homoni za ujauzito huifanya fizi iwe nyepesi kuvimba hata ukoga ukiwa kidogo. Vingi husinyaa baada ya kujifungua, kwa hiyo daktari asiye na haraka husafisha meno na kusubiri. Hukata mapema iwapo damu haikomi au mama anashindwa kula, na miezi ya kati ya mimba ndiyo inayofaa zaidi. Anayemshauri mjamzito aache mswaki kwa kuwa fizi zinatoka damu anamharibia, maana ukoga ndio unaokilisha kinyama hicho.

Kipo pia kigumu, chenye rangi ya fizi yenyewe, kisichouma. Kingine huelekea zambarau na huweza kula mfupa ulio chini yake. Hicho humfanya daktari apime pia kalsiamu kwenye damu. Fizi zikivimba karibu kinywa kizima, ulizia dawa unazotumia: fenitoini ya kifafa na nifedipini ya shinikizo la damu zinajulikana kwa hilo. Usiziache mwenyewe. Aliyekuandikia ndiye wa kuzibadilisha.

Tatizo ni kwamba macho hudanganya, hata ya daktari mzoefu. Sarkoma ya Kaposi, ambayo ni saratani, huweza kuanzia kwenye fizi na kufanana kabisa na epulisi. Saratani nyingine, limfoma ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt, wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958, huvimbisha taya za watoto na kulegeza meno. Ndiyo maana hupigwa eksirei kuangalia mfupa, na kinyama kikishakatwa hutiwa kwenye fomalini, kikasomwe kwa hadubini.

Kukata kwenyewe ni kazi ndogo: sindano ya ganzi, kisha kinyama hutolewa chote hadi kwenye utando wa mfupa. Kinachorukwa mara nyingi ni kukwangua ugaga wa meno ya jirani. Ukiachwa, kinyama hurudi, na mgonjwa hulipa mara ya pili. Kukifunga uzi au kukikata kwa wembe nyumbani ni kujitafutia damu isiyokatika.

Kinyama kinachokua haraka, kinacholegeza jino au kutia ganzi mdomo, pamoja na kidonda cha kinywani kilichopita wiki mbili bila kupona, havingoji. Na ukikatwa kinyama, uliza kama kimepelekwa maabara, kisha rudi uchukue majibu.