Chembe Ziitanazo Wakati wa Njaa

Wahenga walisema, Kidole kimoja hakivunji chawa. Leo twapenda kueleza habari za viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho matupu, ambao wakipatwa na njaa hufanya kana kwamba wamelisikia neno hilo.

Wataalamu huwaita Dictyostelium discoideum. Mmarekani Kenneth Raper aliwaeleza mwaka 1935, baada ya kuwapata katika majani yaliyooza msituni North Carolina. Kila mmoja ni chembe moja tu ya uhai, itembeayo peke yake udongoni ikila bakteria. Chakula kiishapo, chembe kadhaa huanza kutoa dawa fulani. Chembe jirani ikifikiwa na dawa hiyo hugeuka na kuelekea inakotoka, nayo hutoa dawa ile ile; hivyo wito hupita toka chembe hata chembe, kama mbiu ya mgambo ipitavyo toka kijiji hata kijiji.

Twajuaje kwamba ni dawa iitayo? Mwaka 1947 John Tyler Bonner alipitisha maji polepole juu ya chembe hizo. Zilizokuwa upande maji yaendako zilikwenda sawasawa hata kwenye kusanyiko. Zilizokuwa upande maji yatokako zilipotewa na njia. Basi ilikuwa dhahiri kwamba wito ule huchukuliwa na maji. Mwaka 1967 yeye na wenziwe waliitambua dawa hiyo kuwa ni saikliki AMP.

Chembe zikiisha kukusanyika, nazo zaweza kufika laki moja, hufanya mwili mmoja mfano wa konokono asiye na kombe, utambaao kuelekea mwanga. Humo kazi hugawanywa. Kadiri ya chembe moja katika tano huwa bua, na zilizobaki huwa mbegu. Dawa ya pili, iitwayo DIF, husaidia kuzigeuza nyingine kuwa za bua. Chembe zilizokula vema kabla ya njaa huitikia DIF kidogo tu, kwa hiyo nyingi zao huwa mbegu. Zilizo dhaifu huitikia zaidi.

Chembe za bua hujijengea kuta ngumu, kisha hufa zikiwa zimesimama. Juu yao mbegu hukaa zikingoja kuchukuliwa mahali penye chakula. Yote hayo hutimia kwa muda wa saa 24 hivi.

Hapana jumbe atoaye amri. Kila chembe husikia na kujibu tu. Twasema umoja ni nguvu, na ni kweli. Lakini viumbe hawa watuonyesha kwamba umoja una gharama yake, wala si wote wailipao sawasawa.