Kompyuta ya Nyumbani Ikizeeka: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Katika nyumba moja ya mwalimu na muuguzi, kompyuta hukaa juu ya meza ya kulia chakula, imefunikwa kitambaa kilichofumwa na mama mwenye nyumba ili isiingiwe na vumbi. Ni kompyuta mpakato iliyoundwa mwaka 2014, nayo iliwafikia ikiwa imekwisha kutumika ofisini huko Ulaya. Baba huitumia kuandaa maswali ya mitihani, mama huweka humo hesabu za kikundi cha akiba, na kijana wao wa sekondari huandikia kazi zake. Lakini siku hizi ikiwashwa, mtu aweza kuinjika chai, ikachemka, akainywa, kabla kioo hakijawa tayari. Juu ya hayo, ikaanza kutoa tangazo kwamba Windows 10 imefikia ukomo wake. Baba akashauri iuzwe kwa bei yoyote, inunuliwe nyingine.

"Baba watoto," mama akajibu, "fedha unayoitaja ndiyo karo ya muhula ujao."

Mabishano ya namna hii yamo katika nyumba nyingi, na aghalabu mwenye duka ndiye huyaamua badala ya wenye nyumba. Hapana budi kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: uzito wa mashine na usalama wake. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake.

Tuanze na uzito. Kompyuta nyingi za miaka ile ziliwekewa diski ya sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, huku sindano ndogo ikikimbia huku na huko kutafuta habari. Prosesa, yaani sehemu inayofikiri, yaweza kuwa na nguvu ya kutosha, lakini yakaa ikiisubiri diski. Kuhakikisha hilo si kazi ya fundi peke yake. Mtu akibonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc, dirisha hufunguka likionyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski. Ikiwa diski inang'ang'ania karibu asilimia 100 hali kumbukumbu ina nafasi, mchawi amekwisha kujulikana.

Dawa yake ni kuiondoa diski hiyo na kutia ile iitwayo SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Diski ya zamani husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida yenye umbo lile lile hufikia kama 500, na hupata vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika upesi mno kupita ile ya kwanza. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka huenda ikawaka kwa nusu dakika. Kwa nyumba isiyohifadhi filamu, gigabaiti 240 zatosha. Tena kitu hiki hakipotei: kompyuta ikifa kesho, SSD hiyo yaweza kuhamishiwa katika nyingine yenye nafasi ya umbo hilo.

Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, hufuata. Gigabaiti 4 zilitosha zamani. Leo kurasa chache za intaneti huzimaliza, na 8 ni kiasi cha kuridhisha. Hapa tahadhari: kumbukumbu ya aina ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, na baadhi ya kompyuta mpakato nyembamba zimechomelewa kumbukumbu yake hata isiweze kuongezwa. Bei nayo si ile ya zamani, kwani mwishoni mwa mwaka 2025 ilipanda sana duniani kutokana na mahitaji ya mitambo ya akili bandia.

Kuna na maradhi madogo yanayodhaniwa kuwa ni kifo. Feni iliyojaa vumbi huifanya mashine ipate joto na kujipunguzia mwendo yenyewe. Saa inayorudi mwaka wa nyuma kila inapozimwa ni dalili ya betri ndogo kama sarafu iliyokwisha nguvu. Saa ikiwa na makosa, tovuti nyingi hukataa kufunguka, na mtu hudhani intaneti imeharibika. Lakini betri kubwa iliyovimba si ya kuchezewa: izimwe mashine, aitwe fundi aitoe.

Ama kuhusu usalama, Windows 10 ilikomeshewa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo. Linalokoma ni viraka vya bure vya kuziba nyufa wanazopitia wezi. Kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha, Microsoft ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha yake. Kwa Intel, takriban kizazi cha 8 na kuendelea. Kizazi husomeka katika namba: i5-4300 ni kizazi cha 4, i5-8250 ni cha 8. Mashine ya mwaka 2014 haimo, hata ikitiwa SSD kumi.

Hapo ndipo wauzaji wengine hupata riziki isiyo halali. Ofisi nyingi za ng'ambo ziliuza mashine za kizazi cha 6 na cha 7, nazo huuzwa madukani zikisifiwa kuwa karibu mpya, pengine zimelazimishiwa Windows 11 bila hakika ya kupata viraka. Anayenunua hiyo amebadili mzee kwa mzee. Kama ni kununua, na iwe kizazi cha 8 au zaidi, iwashwe mbele ya mnunuzi, na namba isomwe kabla ya fedha kutoka mkononi.

Njia nyingine ni Linux, mathalani Linux Mint, isiyolipiwa na ambayo yaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya kuisimika. Kwa barua, hesabu na intaneti yafaa vizuri. Kero yake ni kwamba maandishi yaliyopangwa kwa Word yanaweza kuvurugika mpangilio kidogo, na programu nyingine za Windows hazifanyi kazi humo.

Lolote litakaloamuliwa, mafaili yanakiliwe kwanza mahali pengine, hasa diski ikianza kutoa mlio wa kugonga. Picha za harusi hazinunuliwi dukani.

Katika nyumba ile ya mwalimu na muuguzi, dirisha lilionyesha diski ikiwa asilimia 100 asubuhi nzima. Wakanunua SSD na kipande cha kumbukumbu, fundi akasimika Linux Mint, na gharama yote ikawa chini ya robo ya bei iliyotajwa dukani. Baba alinung'unika wiki mbili kwa sababu majedwali ya mitihani yalisogea; sasa huyageuza kuwa PDF kabla ya kuyapeleka kuchapishwa. Karo ililipwa. Diski ya zamani mama ameifungia kabatini, kwa maana namba za wanakikundi zingali zimo.