Gari la kale likikohoa mlimani Rabai, usianze na kabureta

Gari aina ya Datsun 240Z lilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha mwaka wa 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka wa 2003, yamewarudishia Wakenya mlio wa magari ya enzi hiyo. Lakini kwa mwenye kumiliki gari kama hilo, sifa za jana hazimfai kitu injini inapozimika njiani.

Chukua safari ya Mombasa hadi Rabai. Barabara hupanda kutoka Miritini hadi Mazeras, kisha njia ya Rabai na Kaloleni huachana na ile ya Nairobi. Joto la pwani na mlima huo huufichua ubovu ambao haukuonekana kwenye tambarare. Gari hukohoa, nguvu hupungua, na dereva hufungua boneti akaanza kuzungusha skrubu za kabureta.

Hapo ndipo hasara huanza. Gari hili lina kabureta mbili ambazo sharti zivute hewa kwa kiasi sawa, na zikivurugwa kuzisawazisha upya ni kazi ya subira. Isitoshe, petroli ikiwa chache mno kuliko hewa, injini huchemka na pistoni huweza kutoboka. Pistoni ya gari la miaka ya sabini si kitu cha kuokotwa katika kila duka la vipuri.

Anza na umeme. Pointi zilizoungua ndani ya distributa huiga dalili za kabureta mbovu hata fundi mzoefu akadanganyika. Kisha toa plagi zote sita. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni njema. Yenye masizi meusi huonyesha petroli imezidi. Nyeupe huonyesha petroli imepungua au hewa inapenya mahali, aghalabu kwenye gasketi. Ikiwa tatu za mbele pekee ndizo nyeusi, ichunguze kabureta ya mbele na uiache ya nyuma.

Gari likinguruma vizuri limesimama lakini likafa mlimani, kagua chujio na pampu ya petroli. Likikataa kuwaka baada ya kuegeshwa kidogo juani, huenda petroli imechemka ndani ya kabureta: fungua boneti, ungoje ipoe. Ile desturi ya kumimina petroli kwenye mdomo wa kabureta injini ikiwa moto imeteketeza magari, na inafaa ikomeshwe.

Sasa ndipo ufike kwenye kabureta. Gari likisitasita unapokanyaga mafuta, tazama kama oili nyepesi iliyo juu ya pistoni ya kabureta imekauka. Halafu, injini ikiwa na joto na ikinguruma polepole, inua pistoni hiyo kiasi cha milimita moja. Mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikifa, imepungua. Mwendo ukipanda kidogo kisha ukatulia, mchanganyiko ni sawa.

Baada ya hapo funga plagi mpya, upande mlima uleule kwa nguvu, uzime injini mara tu ufikapo Mazeras, na uzisome tena zikipoa.